Kapuchino au late: uagize ipi?

Mkienda mkahawani mabishano ni yaleyale, mhudumu naye kasimama na kalamu yake. Zote mbili zinaanzia kwenye espreso: kahawa iliyosagwa laini, ikasukumiwa maji ya moto kwa mgandamizo mkubwa, kama mara 9 ya ule wa hewa, ikatoka mililita 30 hivi. Kinachozitenganisha ni maziwa.

Kapuchino huja katika kikombe cha mililita 150 hadi 180, povu limejaa juu. Ukilichota kwa kijiko linakaa, halimwagiki. Jina limetokana na watawa Wakapuchini, wanaovaa kanzu za rangi ya kahawia. Kwa ladha ya kahawa, hii ndiyo inashinda. Aliyezoea kahawa chungu ya kwenye dele haitampwaya sana mdomoni. Ila uinywe mapema, povu likishuka umebaki na kahawa ya maziwa tu.

Late ni kubwa, mara nyingi mililita 240 na zaidi, maziwa tele, povu jembamba. Kwa Kiitaliano neno lenyewe ni maziwa, kwa hiyo ukiagiza "late" kule Italia usishangae kuletewa glasi ya maziwa matupu. Inamfaa anayekaa saa nzima na kompyuta, au ambaye uchungu humkunjisha uso.

Bei? Late mara nyingi iko juu kidogo, na nyongeza hiyo ni ya maziwa. Yakikusumbua tumboni, kapuchino ina nafuu. Njaa ikiuma na chakula kiko mbali, mimi nachukua late.