Mtindio wa ubongo: mtoto ashikwe shikwe au afanye mwenyewe?

Wazazi wenzangu wa Moshi na Arusha, tuongee hili la mazoezi ya watoto wetu wenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy). Kuna njia ya Bobath ile ya zamani, ilianzia London miaka ya 1940, mtaalamu ndo anamshika mtoto, anamgeuza, anamlegeza misuli iliyokaza. Alafu kuna hii ya kumpa mtoto kazi yake, yaani mnachagua jambo moja analolitaka mwenyewe, labda kushika kikombe cha uji au kuinuka kwenye kigoda, anarudia rudia kila siku hapo hapo nyumbani.

Mimi nasimama na ya pili kabisa. Tathmini za mtafiti Iona Novak na wenzake, 2013 na 2020, waliopitia tafiti nyingi za tiba hizi, zinaunga mkono mtoto ajitahidi mwenyewe kwa lengo lake, Bobath haikupendekezwa. Kumshika kunaweza kumlegeza kwa muda sawa, ila utoe nauli kutoka Marangu mpaka mjini alafu mtoto kalala tu kwenye mkeka, hapana jamani. Akinyoosha mkono kufuata ndizi, kiwiko kinatetemeka, vidole vimejikunja, we subiri, usimuwahi! Na fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwambie akufundishe wewe na bibi yake pia.