Programu ya kupima kasi ya skii: ramani nzuri, namba ya juu ya uongo

Mpwa wangu aliniletea simu kabla hata hajavua skii. "Mjomba, tazama! Mia moja na kumi na saba!" Kwenye kioo kulikuwa na tarakimu nene za rangi ya machungwa: kasi ya juu, kilomita 117 kwa saa, na chini yake kitufe cha kuwarushia marafiki. Alikuwa ameshakibonyeza.

Nimefundisha fizikia miaka 26, na namba ya namna hiyo hainipiti hivi hivi. Mteremko wenyewe nilikuwa nimesimama chini yake. Nilimwona akianza akiwa amesimama wima, akashuka karibu moja kwa moja, akakata kona mbili hafifu, akafika. Alikuja mbio, sikatai. Lakini gari likipita kwa 117 nalijua linavyovuma, na yeye hakuvuma hivyo.

Jina la programu silitaji, kwa sababu ninachotaka kukijadili ni namna inavyohesabu. Mazuri yake niyaseme upesi. Inafanya kazi bila intaneti. Ramani ya njia uliyoshuka inachorwa vizuri, inatofautisha kupanda kwa lifti na kushuka, na jumla ya mita ulizoteremka kwa siku inaelekea kuwa sahihi kwa sababu inatumia kipimahewa kilichomo ndani ya simu. Chaji inaliwa kiasi, ingawa kwenye baridi betri yoyote ya simu hulegea, kwa hiyo lawama hiyo siitupi kwake peke yake.

Sasa twende kwenye 117.

Kipimahewa hichohicho kilionyesha kwamba kutoka pale alipoanzia hadi pale niliposimama, mpwa ameshuka mita 45. Hiyo moja inatosha kuanza kesi. Aliye juu ana nishati ya mkao, na akishuka inageuka nishati ya mwendo. Uzito wake uko pande zote mbili za mlinganyo, kwa hiyo unafutika, awe mtoto au pandikizi la mtu. Kinachobaki ni hiki: kasi ni kipeuo cha pili cha 2 mara 9.81 mara kimo. Mita 45 zinatoa mita 29.7 kwa sekunde, yaani kilomita 107 kwa saa.

Hiyo 107 ni ya dunia isiyo na hewa, theluji isiyo na msuguano hata chembe, na mtelezaji asiyepinda popote. Ndiyo dari. Programu ilimpa kijana kilomita 10 juu ya dari.

"Lakini nilijisukuma kwa fimbo, Mjomba." Swali zuri, nikampa maksi. Tuseme alijisukuma akapata mita 3 kwa sekunde kabla ya kuanza kushuka. Kasi hizi hazijumlishwi kama mayai, vinavyojumlishwa ni vipeo vyake vya pili. 883 (ndiyo 2 mara 9.81 mara 45) ongeza 9 (3 mara 3) ni 892, na kipeuo chake ni 29.9. Msukumo wake wote ule umemwongezea nusu kilomita kwa saa. Akanyamaza, akaanza kufungua buti.

Siku ya pili tukafanya kazi yenyewe. Nililaza fimbo ya skii juu ya theluji, nikaweka simu juu yake, nikasoma pembe sehemu nne tofauti: digrii 15, ikicheza kidogo. Kwa pembe hiyo, kimo cha mita 45 ni njia ya mita 174. Theluji iliyoshindiliwa ina msuguano mdogo sana na skii iliyopakwa nta, nilichukua 0.05, ambayo ni ya kawaida. Ukiuingiza, dari inashuka hadi kama 96. Msuguano basi si mnyang'anyi mkubwa.

Mnyang'anyi ni hewa. Nguvu yake inakua kwa kipeo cha pili cha kasi: ukienda mara mbili, inakusukuma nyuma mara nne. Hapa ndipo mwili unaanza kuwa na maneno. Mpwa wangu na vifaa vyake ni kilo 80, na akiwa amesimama kifua wazi, eneo lake likizidishwa na namba inayoonyesha umbo lake linavyokinzana na hewa ni kama mita za mraba 0.6. Kwa hewa nyepesi ya milimani, akiachiwa mteremko usio na mwisho wa digrii 15, angefika kilomita 84 kwa saa na kubaki hapo, asiongeze tena. Akijikunja kama yai, eneo likashuka hadi 0.2, kikomo kinaruka hadi 146. Mlima uleule, mtu yuleyule. Na hapa uzito unarudi mezani: mzito hewa humchelewesha kidogo kuliko mwepesi, ndiyo maana wanene tunapitwa kupanda na kupita kushuka.

Kwa mita 174 tu hafiki kikomo. Hesabu inampa 72, bila kona.

Kisha tukapima. Nilichomeka fimbo mbili pembeni mwa sehemu ya mwisho, mita 20 kati yake kwa utepe, nikarekodi video ya picha 60 kwa sekunde nikiwa nimesimama mbali kwa ubavu. Mpwa akashuka kama jana. Kutoka fimbo hadi fimbo picha 66, yaani sekunde 1.1. Mita 18.2 kwa sekunde. Kilomita 65 kwa saa, na hata nikikosea picha moja kila upande, ni kilomita mbili tu juu au chini.

Tena 65 si aibu. Ni kasi ya mtu aliyeanguka kutoka mita 17 juu. Nilimwambia hivyo makusudi.

Sasa programu iliitoa wapi 117? Ina sehemu ya kutoa faili la safari, na hili ni jambo jema kwao, maana ndilo lililowaumbua. Inaandika mahali ulipo kila sekunde. Nilipofungua mshuko wa siku ya kwanza nikakuta sekunde tatu zinafuatana hivi: mita 12, mita 32.5, mita 11. Simu ilikuwa mfuko wa ndani, mwili unaziba setilaiti, na pale pembeni kuna miti mirefu. Nukta moja ikabaki nyuma, inayofuata ikaruka mbele kufidia. Mita 32.5 kwa sekunde ndiyo 117. Jumlisha zote tatu, gawa kwa tatu: 18.5, yaani kilomita 66 na ushei. Jibu lilikuwamo ndani ya faili tangu mwanzo! Wao wakachagua nukta moja iliyo kubwa kuliko zote, wakaipaka rangi ya machungwa.

Kilichonikera ni hicho. Mtelezaji Simon Billy alipoweka rekodi ya dunia ya kasi ya skii, kilomita 255.5 kwa saa, kule Vars, Ufaransa, mwaka 2023, kasi yake ilipimwa kama wastani wa mita 100 nzima, ambazo alizimaliza kwa sekunde 1.4. Na ukitaka kujua hewa inavyokula, chukua Lauberhorn, mashindano ya kushuka kwa skii ya Wengen, Uswisi: njia inashuka mita 1,028, dari yake isiyo na hewa ni kilomita 511 kwa saa, lakini mtelezaji Johan Clarey mwaka 2013 alisomwa 161.9 na dunia ikashangaa. Sasa kijana wa likizo, kifua wazi, mita 45, anapewa 117.

Dawa ipo na haina gharama. Chipu za GPS zinaweza kusoma kasi moja kwa moja kutokana na badiliko la masafa ya mawimbi ya setilaiti, njia ya Doppler, ambayo haisumbuliwi sana na nukta zinazorukaruka. Au angalau wachukue wastani wa sekunde tatu. Wengine hulalamika kwamba programu hizi hupima umbali wa ramani bila mteremko. Kwa digrii 15 hilo ni kosa la asilimia 3 tu.

Nyota tatu kati ya tano: mbili za ramani, moja ya faili. Simu ikae mfuko wa juu, karibu na bega.

Mshuko wa mwisho mpwa alijikunja. Picha 58 kati ya fimbo, kilomita 74 kwa saa. Programu, simu ikiwa begani, iliandika 76, nikaipigia makofi. Yeye hakufurahi. Kwenye orodha ya rekodi zake 117 bado imekaa juu kabisa, na tumetafuta wote wawili, hakuna kitufe cha kuifuta.