Swichi janja na balbu za LED: taa ya korido ilikuwa ikinikonyeza

Miezi saba sasa natumia swichi za Wi-Fi na balbu za LED kwenye nyumba yetu ya Ihumwa, Dodoma. Kabla hujanunua zako, zima mein swichi, fungua swichi moja ya ukutani, uhesabu waya. Mimi sikuhesabu.

Kilichonisukuma ni taa ya nje. Huku jirani wa karibu yuko viwanja vitatu mbele, na mara nyingi nafika saa mbili usiku nyumba ikiwa giza tupu. Nikaagiza Kariakoo swichi nne, shilingi 45,000 kila moja, zikaja na basi. Balbu nilikuwa nazo, LED za kawaida za wati 9. Fundi alimaliza mapema. Programu ya simu ilisumbua kidogo kwa sababu swichi hizi zinashika Wi-Fi ya 2.4 GHz tu, na simu yangu ilikuwa kwenye 5. Baada ya hapo ikawa raha: niko Majengo sokoni nachagua nyanya, taa ya nje nimeshaiwasha.

Usiku uleule mwanangu akaja chumbani. "Baba, taa ya korido inanikonyeza."

Nikatoka kuangalia. Swichi imezimwa, programu nayo inasema imezimwa, lakini balbu inapiga mwanga mara moja, inanyamaza sekunde mbili, inapiga tena. Ya chooni haikukonyeza, ila ilibaki na weupe hafifu kama glasi iliyotoka kunywewa maziwa. Nikabadilisha balbu. Nikanunua ya kampuni nyingine, hiyo ikakonyeza haraka zaidi.

Fundi wa pili ndiye aliyenielewesha. Alifungua swichi akaniita: "Bosi, ona, waya mbili tu." Moto, yaani waya unaoleta umeme, unashuka kwenye swichi, kisha unapanda kwenye balbu. Nyutro, waya wa kurudisha umeme, haishuki kabisa, inaishia darini. Kwa swichi ya kawaida hilo halina ubaya wowote. Swichi janja, hata ukiizima, inabaki macho ikisubiri amri ya simu, na isipopata nyutro inajilisha kwa kupitisha umeme kidogo sana kwenye balbu. Balbu ya zamani ya waya isingeshtuka. LED ina kapasita ndani, kidude kinachotunza umeme kwa muda, na ule umeme kidogo unaijaza polepole. Ikijaa, balbu inawaka kidogo, inaishiwa, mchezo unaanza upya.

Sikumwamini mpaka tulipoazima kwa jirani anayefuga vifaranga balbu yake ya wati 60, ile ya kuwapa joto. Korido yangu ina holda mbili kwenye swichi moja. Moja tukaweka balbu ya vifaranga, nyingine tukaacha LED. Tukazima. Kimya kabisa, hakuna kukonyeza.

Dawa yake ni kidude cheupe chenye waya mbili, kapasita inayofungwa juu kwenye holda, kati ya waya unaotoka swichi na nyutro, ili ule umeme mdogo upite hapo badala ya kupita kwenye balbu. Na kilikuwemo ndani ya boksi tangu mwanzo! Fundi wa kwanza alidhani ni spea, mimi nikavitupia vyote vinne kwenye droo ya vijiko. Vimefungwa, na tangu siku hiyo korido inalala.

Sebuleni nilishindwa. Nilitaka mwanga wa kupunguza, nikafunga dima kwa taa sita za gipsam, wati 5 kila moja. Nyuma ya dima pameandikwa wati 40 hadi 400. Taa zangu zote kwa pamoja ni 30. Nikishusha chini ya nusu zinavuma kama nyuki na kutetemeka. Tena LED nyingi hazikubali kupunguzwa mpaka boksi liseme hivyo, na la kwangu halikusema. Dima nimeitoa, nayo imeingia droo ya vijiko.

Balbu janja zenyewe, zile za rangi, nilinunua mbili za chumba cha watoto. Wanazipenda. Lakini mama alipokuja kututembelea kutoka Kondoa, kila akitoka chumbani alizima ukutani, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya, na programu ikawa inalalamika kuwa balbu haipatikani. Tatizo kubwa zaidi ni umeme ukikatika: ukirudi saa nane usiku, balbu zinawaka kwa nguvu zote na watoto wanaamka. Kuna sehemu kwenye programu ya kuzifanya zikumbuke hali zilizokuwa nayo. Niliigundua wiki ya tatu, macho yakiwa mekundu.

Kwenye LUKU sijaona nafuu yoyote mpya. Nafuu niliipata zamani nilipotoka balbu za wati 60 kwenda 9. Swichi hizi zinaramba umeme kidogo mchana na usiku.

Swichi nazipa nne kwa tano, kwa sababu bando likiisha kitufe cha ukutani bado kinawasha taa, na mgeni hahitaji kufundishwa. Balbu za rangi, mbili.

Sasa tunajenga nyumba ndogo ya uani. Nimemwambia fundi ashushe nyutro kwenye kila boksi la swichi kabla ya plasta. Akasema waya zitaongezeka. Nikamwambia ziongezeke.