Gemu la bunduki na mazombi: mashine ya zamani au mpya?

Kwa anayefungua chumba cha gemu Tanga mjini, ubishi ni uleule: The House of the Dead 2 ya Sega (1998) au ndugu yake mpya, House of the Dead: Scarlet Dawn (2018)?

Kwa utamu, mimi niko na ya zamani. Ukimwokoa raia, njia ya mchezo inaweza kubadilika. Risasi zikiisha, unafyatua nje ya skrini kujaza upya. Ila inatumia skrini ya chogo, ile nene ya zamani. Skrini ikifa, unahitaji fundi wa chogo, na hewa ya chumvi haihurumii saketi.

Mpya haitegemei chogo, lakini mashine yake ni kubwa: kinataka nafasi na mtaji.

Una fundi wa TV za chogo pale Ngamiani? Chukua ya 1998. Una ukumbi mpana Raskazone, wateja ni familia? Mpya.