Uzoefu wangu: kompyuta ya gemu ya bajeti ndogo Dar es Salaam, kwa Ryzen 5 5600 na Radeon RX 6600

Nilipoamua kujiundia kompyuta ya gemu kwa shilingi milioni 1.8 bila skrini, kipimo nilichokitanguliza hakikuwa kasi bali wati. Ninaishi Tabata katika chumba kisicho na kiyoyozi, na kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana jijini huvuka nyuzi 30. Umeme wote unaotumiwa na kompyuta huishia kuwa joto ndani ya chumba hichohicho, na yuniti za LUKU nazo hupungua.

Kwa kipimo hicho nilichagua prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, yenye koa 6 (sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja ndani ya prosesa) na makadirio ya wati 65, pamoja na kadi ya picha ya Radeon RX 6600 yenye kumbukumbu ya GB 8, ambayo AMD inaitaja kuwa ya wati 132. Ninapocheza gemu nzito kwenye skrini ya 1080p, mfumo mzima hauvuki wati 300, kwa hiyo UPS ndogo ya VA 650, yaani kifaa chenye betri ya akiba, hunipa muda wa kuhifadhi mchezo na kuzima kwa utaratibu umeme unapokatika. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa kubwa ya kadi hii, kuliko hata picha zake.

Sehemu ambayo sikukubali kubana fedha ni pawasaplai, kifaa kinachogawa umeme kwa sehemu zote za kompyuta. Kariakoo utakuta keisi nyingi zinazouzwa na pawasaplai ndani yake, zimeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini ukisoma kibandiko cha pembeni unakuta njia ya volti 12, ambayo ndiyo inayolisha prosesa na kadi ya picha, ina ampea 18 tu. Zidisha 12 kwa 18, unapata wati 216. Muuzaji mmoja aliniambia, "Kaka, zote hizo ni sawa," nami nikamrudishia keisi yake kwa heshima. Nilinunua ya wati 550 yenye cheti cha 80 Plus Bronze, cha kutopoteza umeme mwingi, nikaichomeka kwenye UPS, na siijutii shilingi hata moja.

Kadi yangu ni ya mtumba. Nilimwomba muuzaji aichomeke kwenye kompyuta ya dukani kabla sijalipa, nikafungua programu ya GPU-Z kuhakiki jina la chipu na ukubwa wa kumbukumbu, kwa sababu zipo kadi za zamani zilizobadilishwa jina, kisha nikaiendesha kwa mzigo mzito huku nikisikiliza feni. Muuzaji anayekataa jambo hilo, mwache.

Kwa RAM, chukua vijiti viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kisha uwashe XMP (mpangilio wa kasi kamili ya RAM) kwenye BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta, la sivyo RAM ya kasi ya 3200 inaweza kubaki kwenye kasi ya chini.

Upungufu upo. Gemu mpya zenye mipangilio ya juu hujaza GB 8 za kadi haraka, na mwanga wa aina ya ray tracing, unaoiga mwanga halisi, unaielemea kadi hii kiasi kwamba mimi huuzima kabisa. Prosesa nayo haina sehemu yake yenyewe ya kutoa picha, kwa hiyo kadi ikifa skrini inabaki nyeusi. Anayetaka kucheza kwa 4K atafute kadi nyingine, pamoja na pawasaplai kubwa zaidi.