Usinunue Meli, Nunua Njia: Siku Nane Katika Visiwa vya Galápagos

Ndugu watazamaji, habari za jioni, na karibuni tena barazani kwangu hapa Upanga. Leo bidhaa ninayoichambua si simu wala jokofu, bali ni safari ya siku nane kwa boti ya abiria kumi na sita katika visiwa vya Galápagos, vilivyo chini ya nchi ya Ekuador, kiasi cha kilomita 1,000 kutoka pwani yake katika Bahari ya Pasifiki. Nililipa kwa fedha yangu mwenyewe, dola elfu nne na ushei bila kuhesabu nauli za ndege, kwa hiyo nitasema nilichokiona bila kumwonea mtu haya, ingawa jina la boti sitalitaja.

Nianze na kosa langu. Nilitumia majuma mawili nikilinganisha picha za vyumba, upana wa vitanda na viti vya sitahani, kisha ramani ya njia nikaitazama kwa dakika tano. Nilipaswa kufanya kinyume chake. Utaratibu wa hifadhi ya taifa ya huko hauruhusu boti kurudi mahali palepale pa matembezi kabla ya siku 14 kupita, kwa hiyo wenye boti hugawa mzunguko wao vipande viwili au zaidi, na anayenunua wiki moja hupata kipande kimoja tu. Boti ni ileile, mpishi ni yuleyule na bei ni ileile, lakini wiki hii inakwenda magharibi na wiki ijayo mashariki, na wanyama wa huku wengine huwakuti kule. Mimi niliangukia magharibi kwa bahati, si kwa akili.

Tofauti hiyo inatokana na ardhi yenyewe. Visiwa hivi vimezaliwa na volkeno zinazolishwa na sehemu moja yenye joto kali chini ya sakafu ya bahari, na kwa kuwa gamba la dunia lililo juu yake husogea polepole kuelekea mashariki, visiwa vya mashariki vimekuwa vikongwe, na vya magharibi bado ni vichanga vinavyotokota. Isabela, kilicho kikubwa kuliko vyote, ni volkeno sita zilizoungana, na jirani yake, Fernandina, kililipuka tena Machi 2024. Sisi tuliozoea kukanyaga mawe ya matumbawe ya Mbudya tunaweza kudhani kwamba tunaujua mwamba mkali; lava ya Fernandina ni nyeusi, imejikunja kama kamba za jahazi, na ikifika saa tano asubuhi inakuwa kikaango. Chukueni viatu vya soli nene.

Upande huohuo wa magharibi ndiko mkondo wa chini ya bahari uitwao Cromwell unakogonga visiwa na kupandisha juu maji ya baridi yenye chakula kingi. Ndiyo maana niliwaona pengwini hatua chache kutoka ikweta, jambo ambalo ningesimuliwa nisingeliamini, na ndiyo maana yuko mnandi ambaye mabawa yake yamedumaa hata hawezi kuruka, kwa sababu riziki yake yote iko chini ya maji. Mnandi huyo hupatikana Fernandina na Isabela tu. Aliyepewa njia ya mashariki harudi na picha yake, hata kama alilala katika chumba chenye kioo cha dari hadi sakafu.

Kilichonishika zaidi ni mijusi wa baharini wa Punta Espinoza, rasi ya kisiwa cha Fernandina. Wamelala mamia kwa mamia, mmoja juu ya mgongo wa mwingine, weusi kama lava waliyoilalia, hata mara mbili nilikaribia kumkanyaga mmoja. Hawa ndio mijusi pekee duniani wanaotafuta chakula chao baharini. Wakubwa huzamia kuguguna mwani kwenye miamba, kisha hupanda kuota jua kwa sababu maji yale yamewagandisha, na chumvi waliyoimeza huitoa puani kwa chafya. Nilikaa pale karibu saa nzima nikipigwa chafya za chumvi, wala sikutamani kuondoka.

Wanyama wa huko hawakimbii, na hapo ndipo kiongozi wa matembezi anapohitajika. Kwa sheria, kila kiongozi mwenye leseni huongoza wageni wasiozidi 16, na kila mgeni hukaa mita mbili kutoka kwa mnyama. Mtoto wa simba-bahari alipokuja kunusa kiatu changu, mimi ndiye niliyeamriwa kurudi nyuma. Mwongozaji wetu alikuwa mkali kama mwalimu wa zamu, na kwa maoni yangu theluthi ya fedha yangu ilikwenda kwake kwa haki.

Kituko kidogo: vile vidau vya mashine vinavyowashusha abiria pwani huitwa panga. Siku ya kwanza mhudumu alipotangaza kwamba panga ziko tayari, Mtanzania mimi nilitazama huku na huku.

Sasa kasoro. Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi niliwekwa ngamani tangu siku ya kwanza, katika chumba cha chini kinachopakana na injini, na kwa kuwa boti husafiri usiku kutoka kisiwa hadi kisiwa, usingizi wangu ulikuwa wa vipande vipande. Vazi la kuzamia lilikodishwa kwa malipo ya ziada ambayo hayakuonekana katika bei niliyotangaziwa, na mtu wa bahari ya uvuguvugu kama hii yetu hawezi kuingia maji yale bila hilo vazi. Chakula kilikuwa kizuri. Wekeni akiba pia ya ada ya hifadhi, ambayo tangu Agosti 2024 ni dola 200 kwa mgeni mtu mzima, na dola 20 za kadi ya kuingilia visiwani.

Kama kinachokuvuta ni kobe wakubwa peke yao, ndugu yangu, usifike huko. Panda boti ya Unguja, kisha vuka hadi Changuu, ukawaone kobe wa ukoo wa Shelisheli walioletwa kama zawadi mwaka 1919. Si jamii moja na wale wa Galápagos, lakini ukubwa wao utakutosha na fedha itabaki mfukoni.

Aliyekwisha kuamua kwenda, kabla ya kulipa amwandikie mwenye boti na kumtaka orodha ya mahali pa kushukia, siku kwa siku, kwa tarehe yake mwenyewe. Ukiona Punta Espinoza na Punta Vicente Roca, hiyo ni njia ya magharibi. Ukiona Española, kisiwa cha njia ya mashariki, na safari yako ni kati ya Aprili na Desemba, utawakuta albatrosi waliokuja kutaga, na hiyo ndiyo njia ninayoiwekea akiba sasa, hata wakinirudisha ngamani.