Reflekta zinazong'aa dukani, usiku hazionekani

Nimenunua reflekta 12 za vibarua wanaoziba viraka barabarani, na zimenikera vibaya. Kitambaa hakina neno, zipu inakwenda. Lakini ile mikanda ya rangi ya fedha, yaani kitu chenyewe unacholipia, usiku haiwaki. Ni plastiki ya kijivu tu iliyong'arishwa.

Kuipima hakuchukui dakika mbili. Itundike gizani, rudi nyuma hatua 20, shika tochi ubavuni mwa jicho, si kifuani, kisha mulika. Mkanda halisi una chembe ndogo za kioo zinazorudisha mwanga kulekule ulikotoka, ndiyo maana dereva aliye nyuma ya taa zake huuona mweupe kama balbu. Huu wangu ulibaki mweusi sawa na ukuta. Dukani huwezi kugundua, kwa sababu chini ya taa za dari vyote vinang'aa.

Nilimrudia muuzaji. "Bosi, reflekta ni reflekta, unataka nini tena?" Nataka dereva wa lori amwone mtu! Lebo inasema EN ISO 20471, yaani kiwango cha kimataifa cha mavazi ya kumfanya mtu aonekane, daraja la 2. Daraja hilo linadai mkanda wenye upana usiopungua milimita 50, na eneo la mita za mraba 0.13 kwa jumla. Nimepima kwa rula: milimita 38.

Nilitaka kusema basi zifae kwa kazi ya mchana. Mchana kinachookoa ni rangi, na ile njano ya ndimu hujitenga na udongo mwekundu wa barabara vizuri kuliko rangi ya chungwa. Lakini hapana, usinunue kabisa. Reflekta haijui zamu: jioni itavaliwa na mlinzi, atasimama kando ya lami akiamini anaonekana.

Zangu nimeifumua mikanda yote. Mkanda halisi huuzwa kwa mita. Kwa upana wa milimita 50 unahitaji mita 2.6 kwa kila reflekta: mmoja uzunguke kiwiliwili, miwili ipite mabegani kutoka mbele hadi nyuma. Fundi ashone kingoni tu, asipige pasi juu yake. Haitakuwa ya daraja la 2 kwa kuwa haikupimwa maabara, ila kwenye tochi sasa zinawaka. Na kwenye kufua, jiki isiguse: inaua rangi na mkanda pamoja.